Nilimwita Mwizi Kijana Niliyekula Naye Sinia Moja

Waliokuwapo ni hawa. Nawataja mapema ili asije mtu akasema bibi kizee huyu ametunga.

Nilikuwapo mimi, mwenye nyumba, hapa Kuze, mji wa kale wa Mombasa. Alikuwapo mjukuu wangu Rahma, mtoto wa binti yangu Zuhura, niliyemlea tangu akinyonya. Alikuwapo Nasra, mwenzake wa masomo, bintiye Bi Aziza wa mtaa wa nyuma. Alikuwapo Mutua, mwenzao wa tatu, kijana wa bara, mfanyakazi wa bandarini, aliyepanga chumba Ganjoni. Na nje kibarazani walikuwapo wanaume wanne: Bakari, ambaye duka lake latazamana na mlango wangu, Athmani fundi cherehani, Swaleh muuza kahawa, na Feisal, mtoto wa marehemu dadangu Salma.

Mwenye makosa ni mimi! Nalisema kabla hamjaniuliza. Sikushika fimbo wala jiwe. Lakini nimeona jicho la mtoto wa mtu likipasuka mbele ya mlango wangu, na aliyelipasua alitumwa na mdomo wangu.

Shule sikusoma sana, nilitolewa mapema nikaolewa. Haya maandishi yenyewe nayaparura polepole. Ila Mungu alinipa kichwa cha majina. Mtu akitaka kuoa hapa mtaani huja kwangu kwanza kuuliza yule binti ni wa nani, na babake wa nani. Mtu nikishamsikia jina, simsahau mpaka kufa. Shikeni hilo, maana ndilo linalonichoma.

Rahma na wenzake walikuwa wakisoma shahada ya pili ya biashara, masomo ya jioni. Ilibaki kazi ya mwisho, na hiyo haifanywi na mtu mmoja. Hukaa kikundi, wakatafuta biashara ya kweli, wakaitengenezea mpango, kisha wakasimama mbele ya walimu kuitetea. Wakipita wamepita wote, wakianguka wameanguka wote.

Wao walichagua wanawake wa mtaa wetu wanaopika mahamri, sambusa na mkate wa kumimina majumbani. Walitaka kuwaunganisha wawe na jiko moja, wapeleke vyakula kwenye maofisi ya kisiwa kizima. Wazo zuri! Nami niliwapa chumba changu cha chini wakae.

Siku ya kwanza Mutua alipiga hodi akangoja nje mpaka nikatoka mwenyewe. Akavua viatu.

"Shikamoo Nyanya."

"Marahaba mwanangu. Waitwa nani?"

"Mutua."

"Mutua wa nani?"

"Wa Kioko."

"Kioko wa nani?"

"Wa Ndambuki." Akacheka. "Nyanya, ukiendelea mbele hapo itabidi nirudi nyumbani nikafukue makaburi!"

Nikampenda palepale. Nikamuuliza na mamake, akasema ni Mbithe. Tangu siku hiyo nikawa namwita Mutua wa Kioko wa Ndambuki, na yeye hujibu "Labeka" kama mtoto wa madrasa. Nilimpakulia sahani yake peke yake, kwa kuwa ni mgeni. Akaisogeza kando, akaja kukaa kwenye sinia upande wa pili, tukala wali mimi na yeye. Hapa kwetu mkishakula sinia moja basi, mmekuwa watu wa nyumba moja.

Sasa sikilizeni shari ilivyoanza. Kazi yao ilitaka kujua mambo ya wenye maduka: bidhaa zatoka wapi, mzigo waja siku gani, wafungua lini na wafunga lini. Rahma alikwenda kumuuliza Bakari. Bakari akamcheka.

"Kamwambie nyanya yako biashara ni mbaya."

Biashara mbaya, na magunia yaingia kila siku! Lakini ndivyo tulivyo. Mtu wa Kuze hamwambii jirani mambo ya duka lake, yuwaogopa husuda.

Mimi ndiye niliyetoa shauri. Nikawaambia, "Mtumeni Mutua. Mgeni haogopwi husuda, hata Bakari atamwambia."

Na kweli alimwambia! Mutua akawa anakaa pale kibarazani kila alasiri akitoka kazini, anywa kahawa ya Swaleh, auliza, waeleza. Bakari alimwonyesha mpaka ghala. Athmani alimshonea shati kwa bei ya mtoto wa mtaa. Na Mutua akirudi ndani hupiga chapa kwenye kompyuta yake ile ya kukunja, mambo yote ya kikundi yakawa humo.

Kumbukeni nani alimtuma kuuliza maswali yale.

Ikafika siku ya kuamkia kusimama mbele ya walimu. Mchana tulikula pamoja, na Mutua alivyosifu achari yangu ya maembe nikamjazia kibakuli cha plastiki chenye kifuniko chekundu, nikakitia kwenye mkoba wake kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa mkono wangu!

Baada ya sala ya alasiri niko uani, nimeteleka karai kwenye seredani, nachoma bajia. Nikasikia sauti zapanda.

"Rahma," Mutua asema, "Kuze ina treni ya chini ya ardhi tangu lini?"

Nikasikia kiti chasukumwa.

"Nakuuliza, kwa sababu umeandika hapa. Ati wateja wetu watashuka kwenye treni ya chini ya ardhi. Na hapa, ati majira ya theluji mauzo hupungua. Theluji, Rahma! Hapa Mombasa!"

Nasra akacheka, kisha akaacha. Aliona si mchezo.

Mjukuu wangu alikuwa ameiba sehemu yake. Aliichota nzima kwenye mtandao, kazi ya watu wa nchi nyingine, akabandika jina la Kuze juu. Alikuwa na kazi ofisini, na uchumba, na uvivu pia, acha niseme kweli.

"Rekebisha tu hayo maneno mawili," Rahma asema.

"Si mawili, ni yote. Wakigundua tunafukuzwa sote watatu. Mimi mamangu aliuza ng'ombe nisome. Nakwenda sasa hivi kwa mwalimu, nimweleze kabla hajatukamata, nimwombe mimi na Nasra tuwasilishe ya kwetu."

Rahma akanijia mbio uani, ashika leso yangu. "Nyanya, mzuie! Akitoka na kompyuta ile nimekwisha! Nyanya, nimekwisha!"

Mtoto huyu sijawahi kumnyima kitu. Hilo nalo ni kosa langu.

Nikaenda mlangoni, mkono wenye unga wa bajia nikauweka kwenye komeo.

"Mutua, keti. Hayo mambo ya wenyewe kwa wenyewe, twayamaliza hapa hapa."

"Nyanya, niwie radhi. Naomba unipishe."

"Wewe mtoto wangu. Waniaibisha mjukuu?"

"Si kumwaibisha, Nyanya. Sitaki kudanganya walimu."

Akaushika mkono wangu, akautoa kwenye komeo taratibu. Taratibu, nawaambia, kama anayeondoa kikombe mezani. Akafungua mlango akatoka.

Mimi nilihisi nimedharauliwa. Nyumbani mwangu, na kijana! Hasira ikanipanda mpaka utosini, nikasimama kizingitini, nikapiga ukemi:

"Mwizi! Mwizi jamani! Yuwatoka na vitu vyangu!"

Nilijua si mwizi. Nilijua kompyuta ni yake. Nilitaka azuiwe tu, arudishwe ndani. Lakini nimezaliwa mtaa huu, nimezeekea mtaa huu. Najua neno hilo hufanya nini kwenye vichochoro vyetu, pale ambapo mtu akinyoosha mikono miwili agusa kuta zote mbili. Akimbilie wapi?

Bakari ndiye aliyemfikia mbele. Alimpiga kofi lililomgeuza shingo, akamkamata ukosi.

"Huyu! Mimi nilimshuku huyu! Aliniuliza nafunga lini!"

"Na mimi aliniuliza mzigo waja siku gani!" Swaleh apiga kelele. "Kumbe alikuwa akitupima!"

"Bakari, ni mimi!" Mutua alia. "Mutua! Jana ulinipa soda!"

"Na leo nakupa hii!"

Ngumi ya mdomo. Meno yakagonga ukuta wangu kama punje za mahindi. Athmani alikuwa na yadi yake ya mbao, ile ya kupimia vitambaa. Alimchapa nayo kichwani na mabegani mpaka ikavunjika, ikabaki kipande chenye ncha, akaendelea nacho. Shati alilomshonea mwenyewe likalowa. Swaleh akainyakua dele ya kahawa juu ya makaa, akammiminia shingoni. Harufu ile! Kahawa na tangawizi na ngozi ya mtu. Mutua alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mwanamume mzima, akaanguka magoti.

Akanitafuta kwa macho. Yote mawili alikuwa bado anayo.

"Nyanya, waambie! Waambie mimi ni nani!"

Mdomo wangu ulikuwa wazi, na hakikutoka kitu.

Nimejiuliza sana kwa nini. Si woga. Nani angenigusa? Ilikuwa haya. Niliona haya mbele ya majirani, mimi Bi Mkubwa wa mtaa, kusema nimesema uongo. Nilitaka uso wangu ubaki msafi, nikauacha wa mtoto wa mtu upasuliwe!

Rahma alikuwa nyuma yangu, alia "Basi! Basi! Nyanya, waambie basi!" Lakini nilikuwa nimeziba mlango, mikono miwili kwenye nguzo, hata yeye hakupita.

Hapo Feisal, mtoto wa dadangu, akaumwaga mkoba chini. Ikatoka kompyuta, akaikanyaga. Kikatoka kibakuli cha plastiki chenye kifuniko chekundu. Akakiinua juu, kila mtu akakiona, maana hakuna asiyekula achari yangu katika mtaa huu.

"Mama mdogo, hiki si chako?"

Jamani! Neno moja tu lilitosha kumwokoa. Ningesema, "Nimempa mimi." Ningesema, "Mwacheni."

Nikasema, "Changu."

Ilikuwa kweli, na ndiyo kweli mbaya kuliko uongo wote niliowahi kuusema. Feisal alikitupa chini, achari ikachanganyika na damu. Akauchomoa ule upau wa chuma ambao Bakari hufungia mlango wa duka. Pigo la kwanza lilimpata Mutua taya. La pili lilimpata jicho la kushoto. Nililiona likipasuka, na nikiteleka karai mpaka leo, mafuta yakiruka, nalisikia.

Alipouinua tena, Nasra alipenya chini ya kwapa langu. Sijui alipitaje! Alijitupa juu ya Mutua na buibui lake, akamfunika. Chuma kilikuwa kishaanza kushuka. Kikatua begani pake, mfupa ukalia kama kuni kavu.

"Mwampiga mtoto wa Bi Aziza!" Athmani alipiga kelele.

Wote wakasimama. Feisal akaacha chuma kikaanguka.

Mwaona? Damu ya Mutua haikuwasimamisha. Ilitosha damu ya mtoto wa Bi Aziza. Mpaka pale hawakuwa wakimpiga mtoto wa mtu, walikuwa wakimpiga mwizi, na mwizi nilimtengeneza mimi, nikiwa najua jina la babake na la babu yake.

Nasra, na bega lake limening'inia, ndiye aliyewafokea wapita njia mpaka wakambeba Mutua kwenda barabarani. Tuktuk ya kwanza ilikataa kwa ajili ya damu. Ya pili ikakubali. Mimi nilirudi uani, nikakuta bajia zimeungua zimekuwa makaa.

Siku ya pili yake Nasra alisimama mbele ya walimu peke yake, mkono umefungwa kifuani. Akaeleza yote, ya treni, ya theluji, na ya mlangoni kwangu. Yeye na Mutua waliongezewa muda wa kumaliza. Rahma akafukuzwa masomo. Hayo ndiyo niliyoyazuia kwa jicho la mtu, na yakaja vilevile!

Askari walikuja. Mtaa mzima ukafunga mdomo. Hakuna aliyemjua mtu. Wakaniuliza mimi, nikasema, "Wanangu, mimi mzee, macho yangu hayaoni vizuri."

Lakini askari si kitu. Alikuja Mbithe, mamake Mutua.

Alikuja peke yake kutoka kwao, na kitenge, na uso umevimba kwa kulia. Akakaa kibarazani kwangu, palepale alipokuwa akikaa mwanawe. Ukuta nilikuwa nimeshausugua, lakini chokaa haikubali, palibaki rangi. Nikamletea maji. Hakuyashika.

"Sikuja kugombana na mtu," akasema. "Nataka majina."

"Mama, mimi mzee. Sikuona sawasawa."

Akanitazama.

"Mutua alikuwa akinipigia simu. Aliniambia, mama usiwe na wasiwasi, huku kuna nyanya mmoja ananiita kwa jina langu na la baba na la babu. Anajua jina la kila mtu mtaa huu, mpaka la paka. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na aliyempiga mwanangu mlangoni pako, humjui?"

Nikamsogezea maji tena. Akainuka, akaenda zake, maji akayaacha. Nilikaa na gilasi ile mpaka ikaadhiniwa magharibi.

Mutua amerudi kwao. Jicho limekufa. Taya lilifungwa waya, alikunywa uji kwa mrija muda mrefu. Kazi yake bandarini ilikuwa kusoma namba za makontena, na kwa jicho moja wamemweka kando. Shingo yake, Nasra aniambia, imefanya makovu ya kahawa iliyomwagika.

Rahma amehama nyumba hii. Siku aliyotoka alisimama na sanduku lake, akaniambia, "Nyanya, nilikulilia ili unishike. Sikukuambia umuue mtu." Simu zangu hapokei.

Na wale wanaume? Hapo ndipo panaponimaliza. Waniheshimu kuliko zamani! Nikipita wote huinuka. Bakari huniletea sukari na mchele mpaka mlangoni, hataki shukrani. Swaleh hunimiminia kikombe cha kwanza. Feisal hunibusu mkono. Wadhani nawasitiri kwa mapenzi. Wamenifanya mama yao, na mimi kweli ndimi niliyewazaa kwa kazi ile. Kahawa sinywi tena. Nikiisikia harufu yake hutapika.

Nyinyi mnaosoma haya, nyanya wenzangu hasa, na wazazi mnaodhani kumpenda mtoto ni kumzibia kila shimo alilolichimba mwenyewe: msipige ukemi ule kwa hasira! Mkono wako mwenyewe ukipiga utachoka. Mikono ya mtaa haichoki, na haiulizi. Na ukishausikia umetoka kinywani, umeze haya yako, piga kelele zaidi ya ulivyopiga ya kwanza, sema nimedanganya. Aibu huisha. Jicho halirudi.

Jana nilimpigia Mbithe simu. Nilimsomea majina. Akasema, "Yarudie, niandike." Nikayarudia. Kesho nakwenda kituoni, na Nasra ndiye atakayenishika mkono, kwa ule wake mzima. Huko nitayasema pamoja na ya ukoo. Hapa nasema ya kutosha, kwa mpango yalivyokwenda.

Bakari alipiga kwa mkono, kofi na ngumi. Athmani alipiga kwa yadi, na ilipovunjika akapiga kwa kipande. Swaleh alimimina kahawa. Feisal, mtoto wa dadangu Salma niliyemwahidi Salma kitandani kwamba nitamtunza, alipiga kwa chuma: taya, jicho, na bega la Nasra. Rahma hakumpiga mtu. Nasra alimfunika.

Mlikuwapo wengine mlangoni na madirishani. Kama nimekosea, kama nimemtaja asiyepiga au nimemwacha aliyepiga, au kama Swaleh alimimina kabla ya Athmani kuvunja yadi, njooni mnisahihishe kabla ya kesho asubuhi. Mlango nimeuacha wazi. Isipokuwa jina la aliyeanza. Hilo mtaa mzima mnalijua, na halihitaji kusahihishwa.